Upande wa Kulia

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Mama ana mafua wiki ya pili sasa, na bado anaamka saa kumi alfajiri kwenda kupakia mikate kwenye gari. Wenzake wanamwambia apumzike, yeye anawajibu kwamba mikate haijui mafua. Mimi nimepanda darasa. Nilikuwa wa nne kwa jumla na wa kwanza katika Kiswahili, ndiyo maana ninakuandikia barua badala ya kukupigia simu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nimekupigia mara tano kwa simu ya jirani na hukupokea. Anwani hii nimeinakili kutoka nyuma ya bahasha ya zamani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni lile tela la Babu la kulala safarini. Limesimama uani tangu alipofariki Machi mwaka jana. Gurudumu moja limeishiwa upepo, na kuku wa jirani wanataga ndani. Wiki iliyopita alikuja mwenye matofali wa mtaa wa nyuma, akalizunguka mara mbili, akalipiga teke, akasema chuma bado kizuri. Anataka kukikata kile kijumba cha juu abakize chasisi na magurudumu, awe anabebea matofali. Mama amemkubalia.

Nilimwomba asilitoe. Akasema, "Kitu kisichotembea ni takataka, mwanangu." Nikamuuliza, "Na kikitembea?" Akasema, "Mpaka shule zifungwe mwezi wa saba. Siku hiyo likiweza kwenda barabarani na mtu akalala ndani, libaki. Lisipoweza, jamaa aje na msumeno wake."

Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa ukilitengeneza pamoja na Babu. Ninataka libaki. Ninataka pia, nikisema wazi, uje likizo hiyo ulivute, twende mahali sisi watatu. Mama hajui kwamba ninakuandikia. Jina lako halitaji. Akilazimika sana anasema "yule". Nadhani ni kwa sababu hukuja kumzika Babu. Sikuulizi kwa nini. Nauliza tu nianze na nini.

Ni mimi mpwa wako, uliyenipa jina la Rula kwa sababu ninapima kila kitu.


2 Machi

Rula,

Marahaba. Barua yako ilikaa mezani kwa msimamizi siku kumi. Watu wa karakana hawazoei kuandikiwa, walidhani nimeitwa mahakamani. Mpe mama yako pole ya mafua. La, usimpe, atakuuliza umeitoa wapi.

Habari ya kuja, tutaona. Usinihesabu.

Anza chini, upande juu. Inua kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwaruza, beringi zimekauka: zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zipakwe grisi mpya. Usiingize hata kichwa chini ya tela lililosimama juu ya jeki tupu. Mwombe yule mzee wa baiskeli akusaidie, ana mikono mizuri na mdomo mrefu.

Kisha ile miguu minne ya pembeni. Iteremshe, ipigwe msasa. Kama huna pimamaji, laza chupa yenye maji nusu kwenye sakafu ya tela na utazame kiputo kinakokimbilia. Dumu la maji na koki yake lifungwe mbele, si nyuma. Uzito ukikaa nyuma, tela litanyanyua pua na kuyumba barabarani.

Taa za nyuma, badilisha waya wote. Usiungeunge.

Mwisho kabisa ni turubai la kivuli. Lifungwe upande wa kulia. Bolti sita, kila tundu na mpira wake ili maji yasipenye. Tela bila turubai si kambi, ni sanduku.

Mwandiko usikushangaze. Meza ya hapa ina mguu mmoja mfupi.

Mjomba.


10 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Mama amepona mafua na sasa anakohoa tu. Nilipata barua yako Jumatano, nikaisoma chooni kwa sababu ndicho chumba pekee hapa nyumbani chenye komeo. Asante kwa kila kitu ulichoandika.

Magurudumu yote mawili yalikwaruza. Mzee wa baiskeli alikuja na jeki na wasiwasi wake. Alisema beringi zile mara ya mwisho kuona grisi yeye alikuwa bado na meno. Tumeziosha, tumezipaka, na sasa gurudumu ukilisukuma kwa kidole linazunguka mara kumi na nne kabla ya kusimama. Nilihesabu. Miguu mitatu imeteremka. Wa nne ulikataa mpaka tukaumwagia mafuta na kuuacha ulale siku mbili.

Chupa nimeilaza kama ulivyosema. Kiputo kilikimbilia mlangoni. Nimepandisha mguu wa mlangoni kwa nusu inchi na sasa kiputo kimetulia katikati.

Mama ananiona ninavyofanya kazi. Haulizi ninajuaje. Juzi aliacha glavu zake za kazini juu ya ngazi ya tela, akaenda zake.

Nina swali moja, nisije nikakosea. Umesema turubai lifungwe upande wa kulia. Je, ni kulia kwangu nikiwa nimesimama mbele ya tela nikilitazama, au nikiwa nyuma yake nikitazama linakokwenda? Ni pande mbili tofauti, na ubao ukishatobolewa umetobolewa.

Mpwa wako, Rula.


29 Machi

Rula,

Marahaba. Hongera kwa ule mguu wa nne, mimi na babu yako ulitusumbua miaka.

Swali lako limenichekesha. Kulia ni kulia tu, hata ukisimama juu ya paa. Kwa kutazama huku au kule hakubadiliki. Muulize yeyote aliyewahi kulala ndani ya tela lile.

Siandiki sana. Kazi nyingi.

Mjomba.


21 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani nitazichanganya na jambo lenyewe, kwa sababu safari hii ni kitu kimoja.

Barua yako niliifikiria siku tatu. Niliona kwamba kama kulia hakubadiliki, basi ni kulia kwa dereva, maana dereva hageuki. Nikasimama nyuma ya tela, nikatazama mbele, nikanyoosha mkono wa kulia, nikauwekea ubao wa upande huo alama sita za penseli, sentimita arobaini na tano kutoka moja hadi nyingine. Jumamosi mzee wa baiskeli alileta drili yake. Alitoboa, mimi nikashika rula. Tundu la sita lilipokwisha aliupuliza unga wa mbao, akasema, "Binti, kazi hii hata mkaguzi akija atakosa la kusema."

Mkaguzi akaja. Mama alikuwa amerudi mapema kutoka kazini, bado ana unga kwenye nyusi. Alisimama akatazama.

"Nani amewaambia mtoboe huko?"

Mzee wa baiskeli alininyooshea drili. Nikaona hakuna namna.

"Mjomba. Alisema upande wa kulia."

"Na huo ndio upande wa kulia?"

"Ndiyo, Mama. Nimepima nikitazama mbele, kama dereva."

Mama aliweka mkoba chini. "Huo ni wa kulala," akasema.

"Mama wee," akasema mzee wa baiskeli, "mimi nina miaka sabini. Kushoto nakujua, kulia nakujua. Kulala kama upande, leo ndiyo mara ya kwanza."

Mama alizunguka upande wa pili, akapapasa ule ubao ambao mimi nilidhani ni kiraka, akaingia ndani akarudi na kisu cha mkate. Alikata rangi kuufuata ukingo, taratibu, juu, pembeni, pembeni tena. Kisha akaugonga kwa kiganja. Ubao wote ulianguka mbele juu ya bawaba zake, ukaning'inia kwenye minyororo miwili, ukawa meza. Chini ya rangi kulikuwa na alama za sufuria, duara juu ya duara.

"Huu ndio wa kulia," akasema Mama. "Hapa ndipo tulipokuwa tukilia chakula. Kule ndani kuna kitanda, kwa hiyo ule ni wa kulala. Baba hakuwa akisema kushoto na kulia hata siku moja. Alipima barabara maisha yake yote, alisema kushoto na kulia ni maneno ya watu wanaokaa mahali pamoja."

Nikasema, "Kumbe ni kulia kwa kula." Mama akacheka kwa pua. Alinieleza jinsi mlivyokuwa mkienda naye kazini wakati wa likizo, na wewe ulivyoanguka kutoka juu ya ubao ule ukiiba sukari. Alisema "mdogo wangu". Hakusema "yule".

Halafu akanyoosha mkono. "Lete hizo barua."

Nilimpa. Alizisoma akiwa amesimama. Niliogopa atakasirika kwa sababu nilimficha. Aliufungua mlango wa tela na kuuweka ukurasa mmoja wa barua kando ya orodha uliyoiandika zamani kwa penseli nyuma ya mlango: mafuta, chumvi, kiberiti, kamba. Alitazama barua, akatazama orodha, muda mrefu.

"Huu si mkono wake," akasema.

"Ni yeye, Mama. Hakuna mwingine anayeniita Rula."

"Maneno ni yake. Mkono si wake." Akaikunja barua, akanirudishia. "Mwulize mkono wake una nini."

Kwa hiyo ninakuuliza, Mjomba. Mkono wako una nini?

Turubai tutalifunga upande wa kulia wa kweli. Yale matundu sita Mama amesema tusiyazibe. Tutapitisha bolti zilezile na mipira yake, na kwa ndani zishike rafu juu ya kitanda, ya kuwekea vitabu na taa.

Rula.


30 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na inawezekana barua yangu iko mezani kwa msimamizi. Kama ndivyo, naomba asome bahasha hii vizuri: si ya mahakamani.

Turubai limefungwa. Taa za nyuma zinawaka, nyekundu zote mbili na zile za kukatia kona. Koki ya dumu inavuja tone moja kila dakika mbili. Rafu imekaa sawa, nimeweka kitabu cha Jiografia kuipima uzito. Ninalala ndani ya tela kila Ijumaa ili nione kama kuna panapopenya maji. Mvua ilinyesha Ijumaa moja tu, na sikulowa.

Mwenye matofali alipita na utepe wake wa kupimia. Mama alimwambia mwezi wa saba haujafika. Akasema, "Naona mnalipamba, dada. Bibi harusi huyo mtaniletea au mtamficha?" Mama akasema mwezi wa saba haujafika.

Kila Ijumaa Mama anapita posta akitoka kazini. Anasema iko njiani. Posta haiko njiani.

Rula.


16 Juni

Rula,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Msimamizi hana kosa. Nimeanza kukujibu mara nne.

Mkono ni ule wa kulia, na safari hii chagua maana yoyote, zote mbili ni sahihi. Mashine ya kukunjia mabati ilinishika Jumatatu. Vidole vitatu havipo. Babu yako alifariki Jumanne, kesho yake. Habari zilipofika mimi nilikuwa hospitali, sijui saa wala siku. Nilipozinduka, msimamizi akaniambia dada yangu amepiga simu mara saba na baba amefariki. Nikamwambia akipiga tena, aseme nimesafiri.

Mama yako alikuwa na maiti ya baba ndani ya nyumba. Sikutaka awe na mkono wangu pia. Niliona nitamwambia baada ya wiki. Baada ya wiki alishanipigia akanitukana, na alikuwa na haki. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Sikuona pa kuanzia. Ndiyo maana simu siipokei. Kwenye simu mtu huulizwa haraka. Barua inakupa nafasi ya kuzunguka, nami nimezunguka.

Bado niko karakana. Ninashika daftari la stoo, naandika kwa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Meza haina ubaya wowote.

Gari sijaendesha tangu siku ile. Kwa hiyo lile la mimi kuja kulivuta tela, lifute. Nilipaswa kukuambia tangu barua ya kwanza, badala ya kusema tutaona. Ulikuwa ukipaka grisi magurudumu kwa ajili ya safari ambayo mimi nilijua haipo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vidole.

Koki inayovuja, fungua, geuza ule mpira mdogo wa ndani, urudishe.

Barua hii mpe mama yako. Au usimpe. Amua wewe, mimi nimeshaamua vibaya vya kutosha.

Mjomba.


12 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mpira wa koki niliugeuza na haivuji tena.

Barua yako nilimpa Mama siku ileile, kabla hajavua viatu. Aliisoma, akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na chakula cha jioni nilikula peke yangu. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Siku ya tatu aliniuliza, akiwa anafua, "Ile ndoano ya mbele ya tela, tundu lake lina upana gani?" Nilikwenda kupima. Inchi mbili na kidogo. Akasema pikapu ya kiwandani kwao ina chuma cha kuvutia cha inchi mbili, kitaingia kikipakwa mafuta.

Amemwomba tajiri wake pikapu kwa siku tisa. Miaka kumi na moja hajachukua likizo, kwa hiyo tajiri alimpa funguo. Mama ameendesha magari ya mikate lakini hajawahi kurudi nyuma na tela. Tumekwenda mara tatu kwenye uwanja wa soko siku ambayo hakuna soko. Kurudi nyuma na tela ni kama kubishana na mtu mkaidi: ukikata huku, lenyewe linakwenda kule. Mzee wa baiskeli anasimama nyuma akipiga makelele, "Kulia, mama, kulia." Mama anatoa kichwa dirishani na kumuuliza, "Kulia kupi?" Mara ya tatu aliliingiza kati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja.

Mwenye matofali alikuja jana na msumeno kweli, umefungwa kwenye baiskeli. Alikuta turubai limefunguliwa na mimi na Mama tunakula kwenye ubao. Mama akamkaribisha. Alikaa, akala, akatazama rafu, akatazama taa, akafungua koki akanywa maji. Mwishoni akamuuliza, "Sasa dada, nikate lini?"

Mama akamwambia, "Tela lina watu."

Aliondoka bila kukasirika. Alisema angalau amekula.

Mjomba, mwanzo niliandika kwamba nataka uje utuvute. Nilikuwa nimepanga kichwani nani atakaa wapi: wewe kwenye usukani, Mama dirishani, mimi katikati. Nimelibadilisha hilo. Shule zinafungwa tarehe ishirini na sita. Naomba utuambie kama mbele ya nyumba yako pana sehemu tambarare ya mita tano kwa mbili na nusu, na ziada ya mita mbili kwa ajili ya turubai. Kama hapana, tambarare kidogo inatosha, miguu inarekebishika.

Mama ameomba nimwachie nafasi chini hapa aandike mwenyewe. Ameniambia niende nje. Nimekwenda.

Mpwa wako, Rula.


Mdogo wangu,

Usiku ule wa mwisho Baba aliuliza mara mbili uko wapi. Nilimwambia uko njiani. Alikubali, akalala. Mimi nilijua sijui uko wapi, na hasira yangu yote tangu siku ile ilitoka hapo, kwamba ulinifanya nimdanganye. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nakuambia wewe, kwa kuwa na wewe umeniambia.

Mtoto anadhani nakuja kwa ajili ya tela. Mwache adhani.

Tutafika mchana, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Ukisikia honi usije barabarani, na huo mkono usiufiche mfukoni. Simama tu mlangoni nikuone.